Makoti ya Upande Mmoja

Mama Kola aliyapanga makoti juu ya meza ya kukatia, moja baada ya jingine, kwa ule utulivu wa mtu anayekuonyesha hasara bila kutaka kupiga kelele. Hayakuwa makoti bado. Yalikuwa vipande: migongo, mikono, kola, na vile vya mbele. Kitambaa kilikuwa cha drafti, chenye mistari ya miraba, kizito, kizuri, na kingo zake zilikatwa zikanyooka. Mimi sikuona kosa lolote.

“Tafuta cha kulia,” aliniambia.

Nilipekua rundo lote. Nikarudia. Hakukuwa na cha kulia. Kila kipande cha mbele kilikuwa cha kushoto.

“Labda hoteli iliyoyaagiza iajiri watu wenye kushoto mbili,” alisema, wala hakucheka.

Kaka yangu ndiye aliyeyakata. Mtaa mzima unamwita Chaki, kwa sababu ya kile kipande cha chaki kinachoishi nyuma ya sikio lake, na katika karakana ya Mama Kola yeye ndiye mkataji. Kitambaa cha kawaida hukunjwa, mkasi ukapita mara moja ukatoa kulia na kushoto kwa pamoja. Cha drafti hakikunjwi. Hutandazwa kikiwa kimoja ili mistari ije ikutane kifuani. Unakata upande mmoja, halafu unaigeuza karatasi ya kipimo, unakata wa pili. Ni kugeuza tu. Fundi mwanafunzi husahau mara moja, akatukanwa, asisahau tena. Na huwezi kujiokoa kwa kugeuza kipande chenyewe ndani nje, maana upande wa pili wa kitambaa kile ulikuwa umepauka kama pazia la dirisha la jua.

Mimi nikiona haya husoma. Sijui nimeirithi wapi tabia hii. Watu wakinikazia macho, mikono yangu hutafuta maandishi: pakiti ya chumvi, mrija wa dawa ya meno, risiti iliyookotwa chini. Pale karakanani nililisoma bango la ukutani, USIWEKE CHAI JUU YA KITAMBAA, nikalisoma tena kana kwamba lina maana iliyofichika.

“Binti, usinisomee ukuta,” Mama Kola alisema. “Nakuuliza wewe kwa sababu yeye haulizeki. Nikimuuliza anafura. Je, anakunywa?”

“Pombe? Hapana, Mama. Hajawahi.”

“Hata mimi sijamnusa. Afadhali ningemnusa, ningejua pa kumshikia.” Alinigusa kola ya blauzi, akainyoosha. Huwafanyia watu wote hivyo, ndiyo maana ya jina lake. “Mwenye hoteli ameagiza kitambaa kingine. Kitafika mwisho wa mwezi. Kikimkuta kaka yako ni yule Chaki ninayemjua, atakata yeye. Kikimkuta huyu wa sasa, naleta mkataji mwingine. Simfukuzi, atakaa kule kwenye vifungo. Lakini nikishamweka mtu mwingine kwenye meza hii, simwondoi.”

Nilitazama kule kwenye vifungo. Chaki alikuwa ameketi ametupa mgongo, anapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Unakataa. Anaulamba. Unakataa. Baba alimpa mkasi wake wa kwanza kabla hajaota ndevu, na tangu hapo hajawahi kutaka kuwa kitu kingine chochote duniani. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Kwa Chaki, hayo mawili siku hizi huja pamoja.

Kwa sababu nilijua. Sote nyumbani tulijua, na hilo ndilo linalonichosha.

Kaka alizaliwa na ugonjwa wenye jina refu hivi kwamba tangu utotoni tunauita Treni. Mama alimpa behewa moja, Baba akampa jingine, bila wao kujua kama wanalo, maana mwenye moja tu haumwi. Mimi nilichukua aibu ya Baba, nikapona mengine. Kwa ufupi ni hivi: protini mtu akila, mwili huivunjavunja. Mwili wa Chaki hushindwa kuvunja kipande kimoja tu cha hiyo protini. Basi kipande hicho hujaa kwenye damu, kikapanda kichwani, kikakaa huko kama mgeni asiyeaga. Kwa mtoto mchanga huharibu akili moja kwa moja. Chaki aligunduliwa mapema, kwa tone la damu ya kisigino, na Mama akamlinda. Hakuna nyama, hakuna samaki, yai, maziwa, maharage wala karanga. Viazi kwa kupimwa. Mboga, matunda, mkate wa unga maalumu. Na kila siku, mara kadhaa, chupa ya unga wa kliniki uliokorogwa kwa maji, wenye protini iliyoondolewa kile kipande chake. Unanuka kama viazi vilivyosahauliwa kabatini karibu na vidonge vya vitamini.

Akakua salama, mwerevu, mcheshi, mwenye mkono wa kukata mpaka wateja walikuwa wakisubiri zamu yake.

Kisha akawa mtu mzima, na kila mtu akaona imetosha. Kliniki ya watu wazima ilimtazama, ikaona kijana mrefu mwenye ndevu, ikamuuliza anaumwa nini. Yule daktari wa watoto pekee ndiye aliyeendelea kumwagizia unga, na kila akienda kuuchukua ilimbidi aketi kwenye viti vidogo vilivyochorwa sungura, magoti yakiwa masikioni, katikati ya akina mama na watoto wao. Akapunguza kwenda. Chupa tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja, moja ikawa “nitakunywa baadaye”. Na chakula kikafuata.

Nilipofika nyumbani siku ile, Mama alikuwa anakaanga mayai.

“Mama, hayo ya nani?”

“Ya kwangu.”

“Yote manne?”

“Unahesabu mayai ya mama yako sasa? Ndiyo mliyosomea chuoni?”

Nikamweleza habari ya makoti. Alinisikiliza akiwa amenipa mgongo, mwiko hewani. Halafu akazima jiko.

“Wewe hukumwona akilia,” alisema. “Hukuwa umezaliwa. Watoto wenzake wanakula keki, yeye nimempa kipande cha tufaha mkononi, ananiuliza, Mama, mimi nimekosa nini? Mtoto hajui hata kuvaa viatu. Nimemnyima utoto wake wote. Sasa amekuwa mwanamume, ana mshahara, ana ndevu, bado nimnyime yai?”

“Mwana akililia wembe, mpe?”

“Usinipigie methali jikoni kwangu.”

Mama yangu aliyepima viazi kwa mizani miaka yote ile sasa alikuwa analipa deni la upendo kwa mafuta ya moto, na kila sahani ilikuwa inamzamisha mwanawe.

Chaki aliingia akiwa na hasira tayari, kama mtu aliyeianza barabarani ili asichelewe. Aliuona uso wangu.

“Amekuita,” alisema.

“Ndiyo.”

“Akakuonyesha.”

“Ndiyo, Kaka.”

“Karatasi ilikuwa imepinda. Na taa ile ya juu ya meza ni mbovu, nimesema mara ngapi? Na yule mwendawazimu wa redio hazimi redio yake.” Alikaa, akasimama, akafungua kabati, akasahau alichokifuata, akalifunga kwa kishindo. “Yeyote angekosea.”

“Makoti yote, Kaka?”

“Ndiyo hayo! Mwalimu keshaanza! Nipe na chaki ya ubaoni basi, nisimame kona.”

“Ni unga. Huunywi. Daktari alisema usipokunywa kichwa kinakuwa na—”

“Kichwa changu ni kizima! Mimi si ndiye ninayekitumia? Kama kingekuwa kibovu, si ningekuwa wa kwanza kujua?”

Hapo ndipo mtu unapotamani kung'ata meza. Maana chombo cha kupimia ndicho kilichoharibika. Akinywa, Chaki ni mtu wa kuelewana naye. Unamwambia anywe, anasema sawa. Asipokunywa anakuwa mbishi, mkali, mwenye kusahau kwamba amesahau, na ubishi wenyewe ndiyo dalili. Kumshawishi anywe kunawezekana tu akiwa ameshakunywa. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu tangu mwaka uliopita, na kinu kilikuwa kinanitukana.

Nikasoma pakiti ya chumvi. Hifadhi mahali pakavu. Nilipofika kwenye jina la kiwanda nikapata wazo.

“Kaka, sikuombi ukubali.”

“Eh?”

“Usikubali. Endelea kukataa. Nakuomba unywe tu mpaka kitambaa kifike, na ule vile ulivyokuwa unakula zamani. Halafu tubishane. Huo ubishi wako wote uutunze, usiupunguze hata kidogo. Kitambaa kikifika tutakaa hapa hapa, utanipiga nao mpaka uchoke.”

Chaki hawezi kukataa ubishi aliotayarishiwa.

“Na nikishinda?”

“Nitakukaangia mayai mimi mwenyewe.”

“Wewe? Wewe unaunguza hata maji.” Lakini alikuwa ameanza kutabasamu. “Lete hiyo takataka.”

Mama alimkorogea, kama zamani, akitikisa chupa karibu na sikio lake asikie kama kuna mabonge. Chaki alifumba macho, akabana pua, akanywa, akatoa sauti ya bomba lililoziba.

“Mtoto hawezi kumeza kitu kile pasipo kitu kitamu cha kusukumia,” Mama alisema kesho yake, akishusha kapu lililojaa soda. “Nimechukua zisizo na sukari. Sukari nayo nasikia inaharibu watu.” Na alisema kwa ule unyenyekevu wa mtu aliyekubali kuacha kukaanga, basi hata mimi nilimshukuru.

Tukaanza. Na Chaki, lazima niseme, alitimiza ahadi. Aliamka akanywa, akasukumia na soda. Mchana alikunywa karakanani, mafundi wakimwita Kichanga na kumuuliza kama ameshacheua, akasukumia na soda. Jioni vivyo hivyo. Alikula viazi na mboga na ule mkate wake unaokatika kama sponji. Nyama haikugusa sahani yake. Mimi nikangoja Chaki wa zamani atokee.

Hakutokea. Aliacha bomba wazi. Alivaa soksi mbili za rangi tofauti, akanikaripia nilipomwambia. Alianza kunisimulia kichekesho cha mteja aliyekuja kupunguza suruali, akafika katikati, akanyamaza, akatazama dirisha. “Basi akacheka,” alimaliza. Sikujua ni nani aliyecheka.

Tulikwenda kupima damu. Daktari wa watoto alituita siku majibu yalipofika, na kaka yangu akaketi juu ya sungura.

“Bado iko juu,” daktari alisema. Ni mwanamke mpole, lakini siku hiyo alikuwa amechoka, na kulikuwa na mtoto anayelia nyuma yetu. “Imeshuka kidogo mno. Mtu anayekunywa vizuri namna hii hapaswi kuwa hapa. Kuna kitu anakula.”

“Sili kitu,” Chaki alisema.

“Ukiwa mkweli nitaweza kukusaidia.”

“Nimesema sili!” Mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza kwa mshtuko. Mimi nikasoma bango la chanjo mpaka nikalihifadhi moyoni.

Tulirudi nyumbani. Kitambaa kilikuwa kinatarajiwa wiki iliyokuwa inafuata, na mimi nilikuwa nimekwisha kukifikiria kile kiti cha kwenye vifungo kama cha kwake cha kudumu. Tulipoingia jikoni, mimi, ambaye wanafunzi wa nyuma ya darasa hunilalamikia hawanisikii, nilipaza sauti.

“Unakula wapi? Niambie tu! Kwa mama lishe wa kule karakanani? Kwa rafiki zako? Mama, umempa?”

“Mungu ni shahidi yangu,” Mama alisema, mkono kifuani. “Hata harufu sijampa.”

“Basi damu inadanganya! Damu imekula nyama yenyewe!”

Chaki hakupiga kelele. Hilo lilinitisha zaidi. Aliketi, akafungua kopo la soda, akaliweka mezani bila kulinywa.

“Maisha yangu yote nimewadanganya kuhusu chakula,” alisema taratibu. “Nimekula jibini chini ya kitanda. Nimekula soseji ya jirani. Mkaniamini kila mara. Leo kwa mara ya kwanza nasema kweli, ndiyo mara ya kwanza hamniamini.”

Akafunika uso kwa viganja. Haya zikanishuka kutoka kichwani mpaka vidoleni. Sikujua niangalie wapi, nisimame au nikae, nimguse au nisimguse. Basi nikafanya ninachofanya. Nikavuta kilichokuwa karibu, nikasoma.

Maji. Kaboni. Rangi. Kiongeza ladha. Kitamu badala ya sukari. Na chini kabisa, pembeni ya mshono wa kopo, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: *ina chanzo cha fenilalanini.*

Nikalisoma tena lile neno la mwisho. Nalijua tangu nijue kusoma. Lilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji utoto wetu mzima. Ndicho kile kipande ambacho mwili wa kaka yangu hauwezi kukivunja. Ndiye mgeni mwenyewe.

“Kaka,” nilisema. “Unakunywa makopo mangapi kwa siku?”

“Hayo nayo sasa ni nyama?”

“Mangapi?”

“Sijui. Kila nikinywa ile takataka. Na karakanani kunapokuwa na joto. Na usiku.” Aliinua kichwa. “Kwa nini?”

Nilimsogezea kopo, kidole changu kikiwa kwenye mstari. Alilisogeza karibu, akalisogeza mbali, akalirudisha. Mama alivaa miwani, akaja akainama juu yetu, akasoma kwa midomo. Enzi anampimia viazi, soda za namna hii hazikuwa zimefika madukani kwetu. Hakuwahi kufundishwa kuziogopa. Aliogopa sukari, kama kila mama.

Alikaa chini polepole.

“Ni mimi,” alisema. “Nimembebea mwenyewe. Kwa kapu langu.”

Nilidhani Chaki atalipuka. Badala yake kitu kilimpanda kutoka tumboni, kikafika kifuani, kikatoka: kicheko, kirefu, cha machozi. “Mama,” alisema alipoweza, “mwaka mzima unanitafuta kwa mayai hukunipata. Umekuja kunimaliza kwa maji ya mapovu.” Akamkumbatia, na Mama akampiga begani, na kumpiga tena, akilia na kucheka. Kisha sote watatu tukayafungua makopo yaliyobaki na kuyamimina kwenye sinki, na jikoni pakasikika kama watu wengi wanaopumua.

Nilimwomba radhi. Alisema nimwombe radhi kitambaa kikifika, wakati wa ubishi, ili iingie kwenye hesabu.

Kuanzia siku ile alisukumia kwa maji ya limau. Sikumwona akibadilika, ni kama kutazama chungu ukingoja kichemke. Ila asubuhi moja alifunga bomba. Siku nyingine aliniambia, bila kuulizwa, mwisho wa kile kichekesho cha suruali, na kilikuwa kichekesho kizuri. Na jioni moja nilimkuta ameketi na gazeti kuukuu, anakata maumbo ya kipande cha mbele, kulia, kushoto, kulia, kushoto, anayapanga sakafuni kama viatu vya watoto. Alikuwa na huzuni. “Nilikuwa wapi?” aliniuliza. “Nayakumbuka yale makoti. Nakumbuka nikikata. Sikuwepo, lakini mkono ulikuwepo.” Nilikaa sakafuni nikamsaidia kupanga.

Kitambaa kilifika. Siku hiyo alisahau chupa yake mezani, nikaona mwisho wa dunia umefika, nikaibeba kwenye mkoba wa vitabu wakati wa mapumziko ya shule, nikakimbia. Nilipoingia karakanani alikuwa tayari mbele ya meza ya kukatia. Drafti imetandazwa, mistari imenyooshwa kwa kiganja. Mama Kola amesimama kando, mikono nyuma. Cherehani zote zilikuwa zimenyamaza eti kwa bahati tu, kama zinavyonyamaza mahali ambapo watu wote wanajifanya wanatafuta uzi.

Alikata kipande cha kwanza cha mbele. Cha kushoto. Akakiweka kando. Akaishika karatasi ya kipimo, akailaza kwenye kitambaa.

Ilikuwa imelala vile vile. Haikugeuzwa.

Neno lilinijaa mdomoni. Geuza. Nililishikilia kwa meno. Nilitazama ukutani, chai, kitambaa, usiweke. Chaki alichukua chaki nyuma ya sikio, akagusa pembe moja ya karatasi, akapima umbali wa mstari hadi mstari. Alikuwa anatafuta tu drafti ianzie wapi. Halafu kwa vidole viwili akaishika karatasi, akaigeuza kama mtu anayefungua ukurasa.

“Pumua, Mwalimu,” alisema bila kuinua kichwa. “Unanivuruga na hilo bango.”

Mkasi ukaingia. Alipomaliza, Mama Kola alivisogeza vipande viwili mpaka vikakutana. Mistari ilipita kutoka kimoja hadi kingine kana kwamba haikuwahi kukatwa. Alimnyoosha Chaki kola ya shati, ambayo haikuwa imepinda, akaenda kumwambia mwenye redio apunguze.

Nyumbani jioni ile, Mama alikuwa amevaa khanga mpya. Mezani kulikuwa na sahani moja, imefunikwa. Akaifunua kwa fahari. Mayai.

“Mama!” nilisema.

“Mara moja moja tu! Si amepona? Mama Kola mwenyewe amenipigia simu. Mtu akishapona—”

Nilihisi uchovu wa mwaka mzima ukinirudia kwenye kope. Ni Chaki aliyeifunika sahani, taratibu, akaisogeza mbele yangu.

“Mama, mkasi ukishanolewa, hutupi jiwe la kunolea,” alisema. “Mpe huyu. Ndiye aliyeshinda.”

“Lakini hatujabishana,” nilisema.

“Nilikuwa na hoja nzuri sana. Nilizitunza zote, kama ulivyoniambia.” Alijikuna nyuma ya sikio, chaki ikamwacha alama nyeupe. “Nimezitafuta leo, naona zote ni za kushoto.”

Akanywa chupa yake, akabana pua, akatoa ile sauti ya bomba, akalalamika kwamba limau limezidi, kwamba daktari anunue viti vya watu wenye magoti, kwamba takataka hii haijawahi kunuka kama leo. Alilalamika mpaka mayai yangu yakapoa. Kisha akaenda kulala na kuiacha chupa bila kuisuuza.

Asubuhi nilipofungua mlango wa jikoni, harufu ilinipokea kama jirani mwenye madai. Viazi, kabati, vitamini. Nilisimama pale nikiwa na gauni la kazini, nimechelewa, nikaita kwa sauti ambayo mtaa wa pili uliisikia:

“Kaka! Amka uoshe chupa yako!”